Neno "ok" kwenye skrini ya printa

"Fundi, njoo, mashine imekufa." Ndivyo wenye viwanda vya uchapishaji wanavyosema kwenye simu. Ukifika unakuta tona ipo, karatasi zimejaa kwenye trei, rola hazina kosa. Iliyokwama ni kompyuta iliyosimama pembeni, ile inayopokea kazi na kuigeuza kuwa vitone.

Kazi yake ni nzito. Xerox ilipotoa DocuTech mwaka 1990, mashine ile ilichapa kurasa 135 kwa dakika, vitone 600 kwa kila inchi. Kwa kipimo hicho, ukurasa mmoja wa A4 una vitone zaidi ya milioni 34, na kila kimoja lazima kijulikane ni cheusi au cheupe kabla tona haijagusa karatasi. Matoleo ya baadaye yaliikabidhi kazi hiyo kompyuta ya kampuni ya Sun, yenye mfumo endeshi wa Solaris na programu iliyoitwa DocuSP. Tangu hapo fundi wa printa asiyejua Solaris akawa nusu fundi.

Ukibonyeza Stop na A kwa pamoja kwenye kibodi ya Sun, mfumo unasimama na skrini inabaki na neno moja: ok. Hapo unazungumza na programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya kompyuta, ambayo haitegemei diski hata kidogo. Wengi huandika papo hapo "boot cdrom", wakasakinisha upya, na kufuta kila kitu: kazi za wateja, mipangilio ya rangi, foleni zilizotengenezwa kwa miaka. Huo ni uharibifu. Kwanza uliza kama diski bado inaonekana. Andika "setenv auto-boot? false" ili kompyuta isijiwashe yenyewe, kisha "reset-all", ndipo "probe-scsi". Ukiziruka hizo mbili za mwanzo, mashine inaweza kuganda. Jina la diski likijitokeza, washa kompyuta kwa "boot -s", halafu "fsck" ikague mafaili na kuyarekebisha. Mara nyingine tatizo lote huishia hapo. Ukimaliza, rudisha "auto-boot?" kuwa "true", la sivyo kesho asubuhi watalikuta neno lile lile na kukupigia tena.

Diski ikiwa imeharibika kweli, anayeokoka ni yule aliyenakili mfumo wake mapema kwa "ufsdump". Unaweka diski mpya, unawasha kwa "boot cdrom -s", unaigawa, unaiandaa kwa "newfs", unarudisha mafaili kwa "ufsrestore". Kisha ipo amri inayosahaulika kuliko zote, "installboot". Bila hiyo diski itakuwa na kila faili mahali pake, na bado kompyuta haitawaka. Fundi aliyeisahau anaweza kukesha usiku mzima akirudia kurejesha mafaili ambayo hayana tatizo lolote.

Halafu kuna leseni. Programu nyingi za kompyuta za Sun zilifungwa kwa namba ya utambulisho ya kompyuta yenyewe, na namba hiyo hutunzwa kwenye chipu yenye betri ndogo ndani yake. Betri ikiisha, namba inapotea na leseni inakataa, hata kama umesakinisha kila kitu sawasawa. Sun yenyewe ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010, kwa hiyo usitarajie msaada kuja haraka kwa kompyuta ya umri huo.

Nawaomba wenye viwanda wanaotegemea mashine hizi: wikiendi hii, kabla hazijazima, simameni kwenye neno ok mwandike "banner", mnakili kwenye karatasi namba zitakazotokea, ikiwemo ile ya utambulisho, mkaibandike karatasi hiyo ndani ya mlango wa mashine. Kisha tafuteni CD za kusakinishia na karatasi ya leseni, mjue ziko kwenye droo ipi na nani ana ufunguo.