Mashine ya Kukausha Nguo Isiyo na Bomba la Hewa: Maji Yanapokosa Njia

Mashine ya kukausha nguo isiyo na bomba la hewa haitupi unyevu nje ya nyumba. Hewa ya moto huzunguka humo humo ndani: hupita kati ya nguo zilizo kwenye ngoma, hubeba mvuke, kisha husukumwa hadi kwenye kondensa, kifaa chenye vibati vyembamba kilicho baridi kuliko hewa hiyo. Hapo mvuke hugeuka matone, kama jasho kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, nayo hewa hurudi kupashwa moto upya. Mashine nyingine hupoza kondensa kwa hewa ya chumbani. Nyingine, ambazo hula umeme kidogo zaidi, zina kompresa na gesi kama friji.

Maji yanayopatikana si kidogo. Kilo 7 za nguo za pamba, zikikamuliwa kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, hubaki na maji yanayokaribia asilimia 60 ya uzito wa nguo kavu, yaani takriban lita 4. Maji hayo hudondokea kwenye beseni dogo lililofichika chini ya mashine. Pampu huyapandisha kwa mpira mwembamba hadi kwenye tangi la kuchomoa, au huyapeleka moja kwa moja kwenye bomba la maji machafu.

Ndani ya beseni mna boya lenye swichi. Maji yakizidi, boya huinuka, mashine husimama na taa ya tangi huwaka. Taa hii huwapotosha watu wengi, kwa sababu katika mashine nyingi haitazami tangi hata kidogo. Tangi likijaa, maji yanayofurika hurudi chini kwenye beseni, na hapo ndipo boya huyahisi. Kwa hiyo taa ikiwaka ilhali tangi ni tupu, maana yake ni moja kati ya mbili: maji yako chini na yameshindwa kupanda. Au boya lenyewe limekwama juu.

Chanzo, mara nyingi mno, ni vumbi la nyuzi za nguo. Chujio la mlangoni hukamata sehemu kubwa, lakini nyuzi laini kabisa hupenya, hulowana na kuwa tope la kijivu. Tope hilo huziba kondensa, hugandisha boya na kuizuia pampu isizunguke. Kabla ya kugusa chochote plagi ichomolewe na mashine iachwe ipoe. Tangi lisukumwe hadi mwisho, na kichujio kidogo kilicho mdomoni mwake, kama kipo, kisafishwe. Kondensa ya kuchomoa huoshwa bombani mpaka maji yanayopita yawe safi. Ile ya mashine yenye gesi kwa kawaida haichomoki. Husafishwa taratibu kwa brashi laini, kwa tahadhari, maana vibati vyake hupinda upesi na hukata vidole. Kisha beseni lipanguswe, na boya lijaribiwe kama linapanda na kushuka bila kukwama.

Pampu hujieleza kwa sauti. Ikivuma bila kusukuma maji, huenda kipangaboi chake kimebanwa na nyuzi. Ikinyamaza kabisa, umeme haufiki au koili imeungua, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikizunguka vizuri lakini tangi halipati maji, mpira umeziba, umejikunja au umechomoka.

Mashine iliyounganishwa na bomba la maji machafu ina udhaifu wake. Pampu hizi ni dhaifu, na vitabu vingi vya maelekezo haviruhusu mpira uinuliwe zaidi ya mita 1 hivi. Ncha yake nayo isizame ndani ya maji, kwani maji machafu yanaweza kuvutwa kurudi ndani ya mashine.

Maji yakionekana sakafuni, tazama kwanza kama kondensa imerudishwa sawasawa na mpira wake wa kuzuia uvujaji haujachanika. Mashine iliyoinama pia hupeleka maji upande usio na pampu. Pima maji ya fundi seremala hutosha kuligundua hilo. Boya likikwama chini, swichi haitatoa onyo lolote na beseni litafurika.

Kuna hali moja inayofanana na hitilafu ya maji, lakini siyo: nguo zinatoka mbichi, tangi ni kavu na taa haiwaki. Hapo maji hayajakwama, bali hayajapatikana. Hewa haipiti kwa sababu chujio limejaa, au mvuke unatorokea chumbani kupitia mpira wa mlango uliochakaa, kiasi cha madirisha kutoa ukungu. Chumba chenye joto kali nacho huidhoofisha kondensa inayopozwa kwa hewa.

Nyaya, kompresa na mabomba ya gesi ni vya fundi peke yake. Lakini fundi anayetaka kuuza pampu mpya kabla ya kufungua beseni aombwe kwanza alifungue, alisafishe, kisha aiwashe mashine mwenye nyumba akiwepo.