Tarakilishi ya Gari na Sikio la Makanika

Katika gereji za jua kali za Kariobangi, makanika aliyefunzwa enzi za kabureta alitambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza. Lakini katika magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, kiasi cha petroli huamuliwa na tarakilishi. Vihisi (mafundi husema "sensa", neno ambalo kwetu lingali na kazi ya kuhesabu watu) huipasha habari za hewa iingiayo, joto la maji, mzunguko wa injini na jinsi dereva alivyokanyaga mafuta; nayo huamuru injekta zifunguke kwa muda gani na plagi zitoe cheche lini. Kwenye gari la otomatiki, huamuru pia vali ndogo za umeme zinazoelekeza oili, na gia ikabadilika.

Hapo ndipo penye hasara. Kihisi kikiharibika au waya ukikatika, tarakilishi huenda ikang'ang'ania gia moja ili kuilinda giaboksi. Gari huwa zito kuondoka, na fundi asiye na mashine ya kusomea misimbo humwambia mwenye gari anunue giaboksi nyingine. Msimbo P0700, kwa mfano, hutangaza tu kwamba mfumo wa gia una hitilafu, hauihukumu giaboksi. Sharti utafutwe msimbo wa pili, kisha nyaya zipimwe mmoja mmoja.