Mama, kula kwanza, ulale

Mama unayefundisha watoto nyumbani, naijua hali yako: saa nne asubuhi hesabu hazijaisha, mdogo analia, maharage yanaungua, na Biblia hujaigusa tangu Jumatano. Unajilaumu kwamba imani imepoa.

Hebu soma tena 1 Wafalme 19. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumkemea wala kumhubiria. Alimwambia ale. Mkate na maji, mara mbili, na katikati akamwacha alale. Ile sauti ndogo ya Horebu ilikuja baadaye, baada ya safari ya siku 40.

Basi leo ukitoka ibadani, waachie watoto baba yao (au shangazi, akiwepo). Kula chakula kingali cha moto, kisha ulale. Zaburi utaisoma ukiamka.