Fahamu: Kumpata wakili baada ya uzembe wa hospitali, Njombe na Makambako

Kabla ya wakili, tafuta nyaraka: cheti, majibu ya vipimo, risiti, barua ya rufaa. Bila karatasi hizo hata wakili hodari atakwama. Kisha hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Vishoka wapo, na huwaumiza waliokwisha kuumia.

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Kama hospitali ni ya serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Kwa hiyo mkulima wa Makambako asisubiri mavuno yapite.

Huna fedha? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yako. Anzia ustawi wa jamii, halmashauri. Malalamiko ya kitaaluma dhidi ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika.