Patasi Inayoota Mdomoni

Barua imetoka Minnesota, Marekani, kwa msomaji mzaliwa wa Tanga aliyehamia huko. Anamiliki ile nyumba ya magurudumu, yenye kitanda, jiko na choo, ambayo Wamarekani huivuta kwenda nayo likizo kiangazi, kisha theluji ikikaribia wanaiegesha uani hadi mwezi wa nne. "Dada," anaandika, "kila nikiifungua nakuta droo ya vijiko imegeuka leba ya panya. Nimeweka mafuta ya mnanaa, nimeweka sabuni, nimeweka kile kidude cha kupiga kelele ambazo sisi hatuzisikii. Wao wanazaa tu. Nifanye nini?"

Kwanza, tuiite nini hiyo nyumba yake? Karavani tunalo, lakini masikioni mwangu bado lina vumbi la ngamia. Wengine wamependekeza nyumbagari, nami nakataa. Kiswahili huanza na kitu chenyewe, sifa ikafuata: batamzinga huanza na bata, garimoshi na gari. Chombo hiki ni gari lililojibebesha nyumba, basi kiwe garinyumba, wingi magarinyumba. Mhariri wangu alitaka garikonokono. Nilicheka, nikakataa, na usiku nikajuta kidogo.

Sitaeleza kwa nini panya anapenda mahali pakavu, penye magodoro, pasipo paka. Hata mimi ningepapenda. Kinachonisisimua ni meno.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuta fuvu la panya limekauka nyuma ya tangi la maji. Nililiosha, nikaishika ile ncha ya jino la mbele kwa kibano cha nyusi, nikavuta polepole. Nilitarajia kijino. Likaja, likaja, likazidi kuja, limepinda kama mundu, na sehemu kubwa ilikuwa imefichwa ndani ya taya, ikipita chini ya magego kuelekea nyuma. Upande wa mbele lilikuwa na rangi ya manjano iliyokolea. Meno ya juu yalikaribia rangi ya chungwa. Si uchafu. Rangi hiyo hutokana na chuma, madini yale yale ya misumari, yaliyopenyezwa kwenye ngozi ya nje ya jino.

Ngozi hiyo ni enameli, na siri yote ni kwamba panya anayo mbele tu. Nyuma ya jino ni dentini tupu, ambayo ni laini zaidi. Fundi seremala ataelewa mara moja: ni patasi. Patasi nzuri za zamani ziliundwa hivyo hivyo, ubapa mwembamba wa chuma kigumu ukaungwa juu ya mgongo wa chuma laini. Ukiisugua kwenye kinoo, mgongo laini unalika haraka, ule mgumu unabaki umechomoza, na hapo ndipo makali yanapopatikana. Tofauti ni kwamba panya habebi kinoo. Meno ya chini husuguana na ya juu, kila jozi ikiinoa nyingine, hata pale mnyama anapokuwa hali chochote. Sasa mpe fundi wetu patasi inayoota. Jioni anaiweka rafuni imepungua, asubuhi imesogea tena kutoka kwenye mpini. Kwa panya wa kawaida wa majumbani, jino hukua milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Fundi huyu haruhusiwi kwenda likizo, maana akilala mwezi mzima patasi itarefuka hadi itoboe meza. Ndivyo inavyotokea kwa panya aliyevunjika jino moja: lile linalolikabili halina tena wa kulipunguza, hujipinda likaendelea kukua, mpaka mdomo unashindwa kufunga.

Vitabu vya shule humwita mnyama wa kundi hili mgugunaji, na nampongeza aliyelichagua neno hilo, maana kutafuna ni kazi nyingine kabisa. Kutafuna ni kwa magego. Panya akitaka kuguguna, husogeza taya la chini mbele, meno ya mbele yakutane na magego yaachane. Akitaka kutafuna, hulirudisha nyuma. Hawezi kufanya yote mawili kwa pamoja. Na tazama adabu yake: anapoguguna, mikunjo ya midomo huingia katika lile pengo kubwa nyuma ya meno ya mbele, ikafunga kinywa. Meno yako nje yanafanya kazi, mdomo umefungwa, vumbi la ubao halimezwi. Fuko asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia huchimba mahandaki kwa namna hiyo hiyo, bila kula udongo.

Hapa ule msemo wetu wa panya kuuma huku akipuliza unapata taabu. Mdomo umefungwa, na panya hupumua kwa pua. Kama anapuliza kidole chako, basi anakipuliza kwa pua.

Tuje kwenye garinyumba. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, enameli hupata takriban 5. Shaba hupata 3, aluminiamu chini ya hapo. Kwa hesabu hiyo panya angeweza kuingia popote, apasue ubavu wa gari na kujipatia mlango. Mbona hafanyi hivyo? Kwa sababu patasi haifanyi kazi bila ukingo. Meno ya juu hukita na kushikilia, ya chini ndiyo yanayokwangua kuelekea juu. Mpe bati tambarare, hana pa kukita, meno yanateleza. Mpe bati lile lile lenye tundu la bomba, umempa ukingo, na tundu dogo kesho litakuwa kubwa.

Kwa hiyo usihangaike na kuta. Lala chali chini ya gari, utazame pale mabomba ya maji, waya za umeme na mpira wa gesi vinapopenya sakafu. Fundi wa kiwandani alitoboa tundu la sentimita 5 apitishe bomba la sentimita 3, akaenda kunywa chai. Panya mdogo anahitaji milimita 6 au 7 tu, unene wa penseli. Kinachosaidia ni ule waya wa kusugulia masufuria, usokotwe, ushindiliwe hadi ukaze, juu yake upakwe silikoni usivutwe nje. Hauzuii kwa ugumu. Nyuzi zake hazina ukingo mmoja wa kukita. Zinarudi nyuma zikisukumwa, zinanasa kati ya meno, zinachoma fizi. Ukiweza kupata waya wa shaba ni bora zaidi, ingawa shaba ni laini, maana haushiki kutu. Lile povu la kupulizia, likikauka peke yake, kwa panya ni kama mkate.

Mnanaa unanukia vizuri. Kuhusu kidude cha kelele, mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwamba madai yao yanahitaji ushahidi wa kisayansi.

Jambo moja usilicheleweshe, kaka. Baadhi ya panya wa porini wa huko hubeba virusi vya hanta. Mwaka 2012, katika mbuga ya Yosemite, watu 10 waliugua na 3 wakafa, wengi wao baada ya kulala katika mahema yenye kuta mbili, na kati ya kuta hizo panya walikuwa wamejenga viota. Droo yako usiifagie ikiwa kavu. Fungua milango nusu saa, vaa glavu, lowesha kinyesi kwa maji yenye dawa ya klorini, subiri dakika tano, ndipo ufute.

Kujua kama umemaliza, ngoja giza liingie. Mtu mmoja aingie ndani na taa kali, aimulike sakafu chini ya sinki na nyuma ya choo. Wewe uwe chini ya gari. Palipo na mwanga, ongeza waya.

Na kabla hujaziba hata tundu moja, tega mitego ndani siku tatu nne. Nilipaswa kuanza na hilo, meno yakanipitia.