KIATU CHENYE BAMBA LA KABONI: NI MBIO AU NI MBWEMBWE?

Na Mweka Hazina wa Chama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo tuliiandikia insha tukiwa Kidato cha Kwanza, nami nikapata alama nzuri tu. Lakini maana yake halisi niliijua mwaka uliofuata, nilipokuwa nimeketi kando ya uwanja, mguu umefungwa bendeji, nikiwatazama wenzangu wakizunguka mara 25 katika mbio za mita 10,000 za kaunti.

Ilikuwa hivi. Mama yangu ni mkulima wa majani chai huku Nyamira. Bonasi ilipotoka alinipa shilingi 6,000 akaniambia, "Mwanangu, nunua viatu vya kukimbilia. Kitakachobaki tuongeze kwa karo." Hakikubaki kitu. Nilikuwa nimeona kwenye televisheni vile viatu vinene vya rangi kali ambavyo mabingwa huvaa, na sokoni nikakuta jozi moja ya mtumba. Muuzaji hakunidanganya. Alisema tu, "Hivi ni vya kaboni," nami nikajidanganya mwenyewe. Nilivivaa kila asubuhi, mlimani na bondeni, kwa muda wa wiki tano. Wiki ya sita nikaanza kusikia maumivu juu ya wayo. Nilinyamaza na kuendelea kukimbia, manake niliona aibu kumwambia Mama. Mwishowe nikawa siwezi hata kushuka ngazi za bweni. Daktari akasema mfupa umechoka na kuanza kupata ufa, nikae wiki nane bila kukimbia.

Ndiyo sababu nimeandika makala haya. Simkatazi mtu kununua. Nataka tu anayenunua anunue akijua anachokinunua.

KIATU CHENYEWE NI KIPI?

Watu wengi hudhani kwamba bamba la kaboni ni springi inayomrusha mkimbiaji mbele. Sivyo. Kiatu hiki kina vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja.

Kwanza ni povu la soli. Viatu vya zamani vilitumia povu liitwalo EVA. Hivi vipya hutumia povu jepesi zaidi, ambalo kwa kampuni nyingi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PEBA. Mguu ukitua, povu hubonyea. Mguu ukiinuka, povu hufura tena na kurudisha sehemu ya nguvu iliyolibonyeza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018, kiatu cha Nike kilirudisha asilimia 87 ya nguvu hiyo, ilhali kiatu cha EVA kilichopimwa pamoja nacho kilirudisha asilimia 66 hivi. Fikiria godoro jipya na lile la bweni ambalo limelaliwa na vidato vitatu. Yote ni magodoro, lakini moja hukuinua na jingine hukumeza.

Pili ni bamba lenyewe. Ni kipande chembamba na kigumu cha nyuzi za kaboni, kilichopinda mfano wa upawa na kulazwa katikati ya povu. Povu laini likiachwa peke yake huyumbayumba, hivyo bamba hulishikilia. Tena huzuia vidole visikunjike sana wakati wa kusukuma ardhi.

Tatu ni wepesi na umbo. Soli ni nene lakini nyepesi, na mbele imeinuka kama mtumbwi, ili mguu ubingirike badala ya kupiga kofi.

Je, katika hayo matatu ni lipi lenye kazi kubwa? Watafiti walichukua viatu vya aina hii, wakakata bamba kwa msumeno, wakawapa watu wakimbie navyo. Nguvu waliyotumia haikubadilika kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo sifa nyingi tunazolipa bamba ni za povu. Kumbuka jambo hili, manake ndilo litakalokuokoa ukiwa mbele ya muuzaji.

KINAONGEZA MBIO KWELI?

Kinaongeza, lakini si kwa kila mtu, wala si kwa kiasi wasemacho watu. Kiatu cha kwanza kilichovuma kiliitwa Vaporfly 4%, nacho kiliingia madukani mwaka wa 2017. Ile nne ni asilimia 4 ya nguvu ambayo mkimbiaji huokoa kwa wastani akienda kwa kasi ileile. Ni ya nguvu, si ya muda. Usidhani kwamba ukikimbia kwa dakika 35 utatoa asilimia 4 na kupata jibu kama katika karatasi ya Hesabati.

Tena neno "wastani" huficha mengi. Mwaka wa 2023 ulichapishwa utafiti uliowapima wanaume saba Wakenya wa kiwango cha dunia pamoja na saba wa Ulaya ambao hukimbia kwa kujifurahisha tu. Kati ya wale Wakenya, yuko aliyepata nafuu ya asilimia 11.4 kwa kiatu cha kaboni, na yuko aliyepata hasara ya asilimia 11.3! Ndugu zangu, hao ni Wakenya na ni mabingwa. Ikiwa kiatu kinaweza kumfaa mmoja na kumvuta mwenzake nyuma, wewe na mimi tutajuaje kwa kutazama rangi?

Hata hivyo, tusiwe wachoyo wa sifa. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwezi wa Oktoba 2019, alivaa viatu vya aina hii. Kesho yake Brigid Kosgei alishinda Chicago kwa saa 2:14:04 akiwa navyo pia. Mabingwa hao wamefanya mazoezi kwa miaka mingi, na kiatu kiliwaongezea kidogo juu ya kingi.

WAZEE WETU WALIKIMBIA NA NINI?

Hapa kwetu Gusii hatukungojea kaboni. Nyandika Maiyoro alimaliza wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne, 1956, na wa sita kule Roma, 1960. Naftali Temu wa Nyamira alishinda mita 10,000 kule Mexico City mwaka wa 1968, nayo ikawa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Naye Yobes Ondieki, tarehe 10 Julai 1993 mjini Oslo, alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Alitumia dakika 26:58.38, miaka 24 kabla ya Vaporfly kufika madukani.

Sisemi kwamba viatu havina maana. Nasema kwamba milima ya Manga na Kiabonyoru ilikuwepo kabla ya viatu, na ingali hapo, na haitozi pesa.

HATARI ZAKE

Ya kwanza ni mifupa. Mwaka wa 2023 madaktari walieleza habari za wanariadha watano waliopata jeraha katika mfupa mdogo wa juu ya wayo baada ya kutumia viatu vyenye bamba la kaboni. Watano si wengi, wala hiyo si hakika kwamba kila avaaye ataumia. Lakini jambo lenyewe laeleweka. Kiatu kinabadilisha jinsi mguu unavyofanya kazi, na mzigo uliozoea kubebwa na misuli huenda ukahamia mahali pengine. Wasiozoea, hasa sisi ambao mifupa yetu bado inakua, twapaswa kwenda polepole.

Ya pili ni njia zetu. Kiatu hiki kiliundwa kwa ajili ya lami iliyonyooka. Soli yake ni ndefu na laini, na mara nyingi kisigino chake ni chembamba. Sasa wewe kivae asubuhi baada ya mvua, ushuke nacho njia ya udongo mwekundu kuelekea mtoni! Utelezi wa Kisii haujui jina la kampuni. Kifundo cha mguu kikipinda, kiatu hakitakubeba hadi nyumbani.

Ya tatu ni kanuni. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, sheria za Shirikisho la Riadha Duniani haziruhusu soli inayozidi milimita 20 katika mbio za uwanjani. Barabarani kikomo ni milimita 40, na bamba liwe moja tu. Viatu vingi vya kaboni vya barabarani huzidi hizo 20 kwa mbali. Kwa hiyo vile viatu vilivyonila mguu na karo, hata ningalikuwa mzima, kwa sheria hizo nisingaliruhusiwa kuvivaa katika mbio zilezile nilizovinunulia! Muulize mwalimu wa michezo kabla ya kutoa pesa, si baada.

NAMNA YA KUCHAGUA

1. Jiulize unakimbia wapi. Kama mazoezi yako ni ya nyika na barabara za vumbi, nunua kiatu cha kawaida cha mazoezi chenye soli pana inayoshika ardhi. Kama unajiandaa kwa mbio za lami, kama vile nusu marathoni, hapo ndipo kaboni ina nafasi.

2. Usikifanye kiatu cha kila siku. Wenye navyo huvitunza kwa mashindano na kwa mazoezi machache ya kasi. Anza na dakika chache mara moja kwa wiki, na siku nyingine kimbia na raba zako za kawaida ili mguu usisahau kazi yake.

3. Pima jioni, mguu ukiwa umefura kidogo, na uvae soksi unazokimbilia. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kisigino kisichomoke ukitembea.

4. Ukinunua mtumba, iwe Daraja Mbili au kwingineko, kagua povu kabla ya bamba. Libonye kwa kidole gumba: likiwa na mikunjo mingi ubavuni, au limekauka na haliinuki, limekufa. Weka viatu vyote viwili juu ya meza na uvitazame kwa nyuma. Kikilalia upande mmoja, kiache, kwa kuwa mwenyewe wa kwanza amekuachia mwendo wake. Vyangu vilikuwa na kasoro zote hizo, nami sikuvigeuza hata mara moja.

5. Sikiliza mwili. Maumivu ya misuli huisha kwa siku mbili tatu. Maumivu ya mahali pamoja, juu ya mfupa, yanayozidi kila ukikimbia, ni ya kupelekwa kwa daktari. Usinyamaze kama mimi.

TUPIGE HESABU

Vaporfly ilipotoka iliuzwa dola 250, yaani zaidi ya shilingi 30,000 kwa kiwango cha siku hizi. Mwaka wa 2023 Adidas walitoa kiatu chenye uzito wa gramu 138 kwa dola 500. Sasa, kwa makadirio ya kawaida, povu la kiatu cha mashindano huanza kufa baada ya kilomita 300 hivi, ilhali kiatu cha mazoezi hufika 600 au zaidi. Mwanafunzi anayekimbia kilomita 10 kwa siku, siku sita kwa wiki, hukimbia kilomita 60. Cha shilingi 30,000 kitamwisha kwa wiki tano! Hata muhula haujafika katikati. Nacho cha mtumba kimeshakimbizwa na mwingine kilomita usizozijua. Unanunua mwisho wake.

HITIMISHO

Mguu wangu ulipona. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na sasa nakimbia na raba za shilingi 1,500 zenye soli pana, nikipanda mlima pole na kushuka pole zaidi. Mama nilimweleza yote wakati wa likizo, tukichuma chai. Alinyamaza mpaka mwisho wa mstari, kisha akasema, "Viatu nilikununulia wewe. Miguu nilikuzaa nayo. Kipi ungelinda kwanza?"

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu langu ndilo hili ulilolisoma.