Giza, Zimbabwe Kuu na Kilwa: Nani Alijenga kwa Nafuu?

Anayetaka kujenga huuliza kwanza: mawe yako wapi, nani atayabeba, mafundi watakula nini? Farao Khufu, miaka 4,500 hivi iliyopita, alichagua majibu ya gharama kubwa. Piramidi yake ya Giza ilimeza mawe yapatayo milioni 2.3. Mengi yalichimbwa jirani, lakini mawe meupe ya kufunika nje yalivushwa Nile kutoka Tura, na itale ya chumba cha kaburi ikaletwa kwa mashua toka Aswan, kilomita 800 hivi. Ongeza mikate, bia na nyama za maelfu ya wafanyakazi. Yote hayo kwa kaburi la mfalme mmoja.

Zimbabwe Kuu, kati ya karne ya 11 na ya 15, mababu wa Washona walibana matumizi kwa akili nyingi. Itale ya vilima vyao hubanduka tabaka kwa tabaka, jua likiichoma mchana na baridi ikiipiga usiku. Moto na maji viliharakisha kazi. Vipande vilipangwa vikavu, bila chokaa wala udongo, mpaka ukuta wa uzio mkubwa ukafika mita 11 mahali pengine, mzunguko wake mita 250 hivi. Haukuwa ngome ya vita. Ulitangaza cheo na kuwasitiri watawala, waliotajirika kwa ng'ombe na kwa dhahabu iliyoteremka bandari ya Sofala hadi Kilwa.

Kilwa, dhahabu hiyo ikageuka majumba. Tumbawe likitolewa baharini bichi huchongeka vizuri, kisha hukauka likawa gumu. Hapo ni nafuu. Kilichokula mali ni chokaa, kwa kuwa matumbawe huchomwa na kuchoma kunataka kuni nyingi mno. Boriti za mikoko nazo ziliamua upana wa vyumba: mita 3 hivi, basi. Hata hivyo, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliinua Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14, makao yake na pa kufanyia biashara. Sarafu yake moja imepatikana Zimbabwe Kuu.

Kwa matunzo, Zimbabwe Kuu inashinda: ukuta ukiporomoka, mawe yale yale hupangwa tena. Nyumba ya matumbawe inadai chokaa kila baada ya muda. Mwenye nyumba ya kale Lamu, Unguja au Kilwa asiikimbie gharama hiyo kwa kupaka saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, na ukuta huoza taratibu. Nunua chokaa, tafuta fundi anayeijua.